Nani Alilala Chumba cha Pili?

Msomaji mwenzangu, historia tuliyopewa darasani ilikuwa ya watu walio macho. Fulani aliamka akapigana, fulani akatia saini mkataba, fulani akapindua serikali. Hatukuambiwa walilala wapi. Mimi nasema ukitaka kuijua nchi, waache kidogo wafalme wake, kaziulize nyumba zake za wageni. Nani alipokelewa mlango wa mbele? Nani alipitia uani? Nani alimtandikia nani? Hapo ndipo nchi inapovua koti.

Nimechagua Japani. Nimewahi kusafiri huko na kulala katika nyumba zao za wageni za jadi, zile wanazoziita ryokan. Vitabu vya watalii huzisifia kwa maneno mawili: utulivu na ukarimu. Sibishi. Utulivu upo na ukarimu upo. Ila vitu hivyo havikuota kama uyoga baada ya mvua. Vilijengwa kwa amri za watawala, kwa kodi, kwa migongo ya wapagazi, na kwa miili ya wasichana wa kimaskini. Hilo ndilo ninalotaka tuzungumze leo.

Jinsi unavyolala

Kwa ambaye hajafika, nieleze kidogo. Ukifika mlangoni unavua viatu. Viatu vinabaki chini, wewe unapanda, maana sakafu ya ndani imeinuliwa. Chumba hakina kitanda. Sakafu nzima ni tatami, mikeka minene iliyofumwa kwa nyasi, na juu yake kuna meza fupi, mto wa kukalia na birika la chai ya kijani. Unapewa yukata, vazi jepesi la pamba la kufunga kwa mshipi, na hilo utashinda nalo bafuni, mezani, mpaka usingizini.

Bafu nalo lina adabu zake. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni, unajisuuza mpaka utakate, ndipo unaingia katika maji ya moto. Maji yale ni ya kulowea tu, kwa sababu wenzio wataingia baada yako, humo humo. Ukirudi chumbani unakuta meza imesogezwa pembeni na godoro la kukunja, futon, limetandikwa. Nani kalitandika? Mara nyingi humwoni.

Bei yenyewe ni ya aina yake. Kwa desturi hulipii chumba, unalipa kwa kichwa, na ndani ya malipo mna chakula cha jioni na cha asubuhi: wali, samaki, supu ya soya, achari, vibakuli chungu nzima. Tutaona chini kidogo desturi hiyo imetoka wapi.

Lakini kilichonikamata mimi ni kuta. Nililala katika nyumba ndogo kwenye mji wa milimani, na kati ya chumba changu na cha jirani palikuwa na milango ya kusukuma tu, fremu ya mbao iliyobandikwa karatasi nzito. Nilimsikia jirani akikohoa. Nilimsikia akigeuka. Sikumwona hata mara moja. Nikawaza gizani: kwa karne ngapi watu wamelala namna hii, wakisikiana bila kuonana? Na huyo wa chumba cha pili alikuwa nani?

Waliokufa njiani

Tuanzie karne ya 8, wakati mji mkuu ulikuwa Nara. Serikali ya mfalme ilidai kodi, na mkulima aliibeba mwenyewe mgongoni mpaka mji mkuu. Kwenda alikwenda. Kurudi ndiko kulikokuwa na kasheshe: chakula kimekwisha, hana pa kulala, na wengi walianguka njiani wakafa. Mtawa mmoja wa Kibudha aitwaye Gyoki, aliyeishi kati ya mwaka 668 na 749, akajenga vibanda vya kuwapokea watu hao, wapate kula na kulala bure. Viliitwa fuseya.

Tafakari jambo hilo. Kabla nyumba ya wageni haijawa biashara kubwa, ilikuwa dawa ya ugonjwa ulioletwa na serikali yenyewe.

Karne hiyo hiyo, kwenye chemchemi za maji moto, watu walikuwa wanakwenda kujitibu. Nishiyama Onsen Keiunkan, katika milima ya Yamanashi, inahesabu mwanzo wake kuwa mwaka 705, na mwaka 2011 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitambua kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani. Hoshi, iliyoko Awazu, inahesabu tangu mwaka 718. Nyumba moja, kazi moja, zaidi ya miaka 1,300. Ukisikia hivyo unatamani kuamini kwamba Japani ya jadi ilikuwa nyumba moja kubwa yenye mlango wazi. Subiri kwanza.

Amri iliyojenga vyumba

Turuke hadi mwaka 1600. Tokugawa Ieyasu anashinda vita vya Sekigahara, na baada ya miaka mingi ya makabaila kukatana vichwa, nchi inapata bwana mmoja. Mwaka 1601, hata kabla hajatwaa cheo cha shogun, Ieyasu anaagiza barabara ya Tokaido, inayounganisha Edo (ndiyo Tokyo ya leo) na Kyoto, iwe na vituo, na kila kituo kiwe na farasi na wapagazi tayari. Vituo vikafika 53, katika mwendo wa kilomita 490 hivi. Mtu wa miguu alitumia kama wiki mbili. Barabara nyingine, Nakasendo, iliyopita milimani, ilikuwa na vituo 69.

Kituo bila wasafiri ni kijiji tu. Wasafiri wa kukijaza wakaletwa kwa amri. Mwaka 1635 shogun wa tatu, Tokugawa Iemitsu, akaitia katika sheria desturi iitwayo sankin kotai: kila kabaila mkubwa, yaani daimyo, akae Edo mwaka mmoja na kwake mwaka mmoja, zamu kwa zamu. Mkewe na mrithi wake wabaki Edo moja kwa moja. Kwa lugha ya mtaani: mateka. Na safari yenyewe haikuwa ya kubeba begi na kudandia. Heshima ilidai msafara wa wabeba mikuki, wapanda farasi, wapishi, waganga, wabeba masanduku. Ukoo wa Maeda wa Kaga, uliokuwa na utajiri kuliko makabaila wote, uliwahi kutembea na watu zaidi ya 2,000. Mshiko ukamwagika njiani, na kabaila aliyemaliza mshiko njiani hana wa kununulia silaha. Shogun alikuwa mjanja, bwana!

Sasa, mzito kama huyo alilala wapi? Kila kituo kilikuwa na nyumba maalumu iitwayo honjin, kwa kawaida makazi ya mkuu wa kijiji au tajiri wa pale. Honjin iliruhusiwa kuwa na lango rasmi, ukumbi wa mapokezi, na chumba chenye sakafu iliyoinuliwa, ili kabaila hata akilala awe juu ya wengine. Raia wa kawaida, hata awe na fedha za kujaza gunia, hakuruhusiwa kulala pale. Kabaila alikuja na vyombo vyake, wapishi wake, hata pipa lake la kuogea. Mwenye nyumba hakumtajia bei, alingoja zawadi. Zawadi zikazidi kunywea kadiri makabaila walivyozama katika madeni, na wenye honjin wengi wakabaki na heshima mkono wa kulia, madeni mkono wa kushoto.

Majina ya hao wakubwa tunayo. Katika kituo cha Kusatsu, karibu na ziwa Biwa, honjin moja bado imesimama na daftari zake za wageni zimehifadhiwa. Humo imeonekana kwamba mwaka 1699 walilala pale, kwa kupishana siku tisa, mabwana wawili: Asano Naganori na Kira Yoshinaka. Mwaka 1701 Asano alimshambulia Kira kwa upanga ndani ya ngome ya shogun, akaamriwa kujiua siku hiyo hiyo, na mwanzoni mwa 1703 samurai wake 47 wakamlipizia kisasi. Hadithi hiyo Wajapani wameicheza jukwaani na kwenye sinema mpaka leo. Nyumba moja, daftari moja, siku tisa katikati. We unayetunga tamthilia, umelisikia hilo?

Kuni zako, wali wako

Makabwela nao walisafiri. Rasmi hawakuruhusiwa kuzurura ovyo. Ilitakiwa kibali, na kwenye vizuizi vya barabarani walinzi waliangalia vitu viwili kwa macho makali: bunduki zinazoingia Edo na wanawake wanaotoka. Bunduki maana yake uasi. Mwanamke maana yake huenda ni mke wa kabaila anayetoroshwa, na mateka akitoroka, vita inakuja.

Njia ya kuupata ulimwengu ilikuwa hija. Ukisema unakwenda kuhiji kwenye hekalu la Ise, nani atakukatalia? Vijijini watu waliunda vikundi mfano wa upatu: kila mtu anachanga, kisha wanapiga kura nani aende kwa niaba ya wote. Miaka mingine, kama 1705, 1771 na 1830, Ise iliwashika watu kama homa, na watu kwa mamilioni wakajazana barabarani ndani ya miezi michache.

Watu hao walilala katika aina mbili za nyumba. Ya kwanza ni hatago. Neno hilo zamani lilimaanisha kikapu cha chakula cha farasi. Likahamia kwenye chakula cha msafiri, mwishowe likawa jina la nyumba inayompa msafiri chakula. Ndiyo hiyo desturi ya kulipa kwa kichwa, chakula cha jioni na asubuhi ndani yake. Bili ya ryokan ya leo ni mjukuu wa kikapu cha farasi. Ya pili ni kichin yado, yaani nyumba ya malipo ya kuni. Unakuja na mchele wako, unalipia kuni za kuupikia, unalala mmebanana na wachuuzi, wahubiri, vipofu wapiga ala, na chawa.

Aliyetuachia picha ya kuchekesha ya maisha hayo ni mwandishi Jippensha Ikku, aliyeanza mwaka 1802 kuchapisha visa vya Yaji na Kita, washikaji wawili wa Edo wanaotembea Tokaido kwa miguu. Huko Odawara wanakutana na bafu la chuma linalochemshwa kwa moto wa chini. Mtumiaji anatakiwa kuukanyaga ubao unaoelea ili ushuke naye, asiunguze nyayo. Wao hawajui. Wanaona ubao wanadhani ni kifuniko, wanautoa. Wakiungua, mmoja anabuni dawa: anaingia na mitalawanda ya chooni miguuni! Anarukaruka humo mpaka kitako cha bafu kinatoboka, maji yanamwagika motoni. Kitabu kiliuzika vibaya sana, mwandishi akakiongeza mwaka hadi mwaka. Wasomaji walijitambua humo.

Lakini palikuwa na watu ambao barabara haikuwachekesha. Vituo vilipozidiwa na misafara, vijiji vya jirani vililazimishwa kutoa watu na farasi. Mkulima aliacha mpunga wake ukihitaji palizi, akaenda kubeba masanduku ya mtu asiyemjua. Mwishoni mwa 1764, serikali ilipotaka kuongeza mzigo huo kwa vijiji vya kandokando ya Nakasendo, wakulima waliinuka. Idadi yao inakadiriwa kufika 200,000. Waliandamana kuelekea Edo, na serikali ikaufuta mpango ule kabla hawajafika. Kwa hiyo unaposikia kwamba njia za zamani za Japani zilikuwa na utulivu, uliza: utulivu wa nani?

Walioitwa watoto

Nimefika pagumu. Ushindani wa nyumba za hatago ulikuwa mkali. Mchoraji Utagawa Hiroshige, katika picha zake za vituo 53 vya Tokaido za miaka ya 1833 na 1834, alichora kituo cha Goyu jioni: wanawake wamemkamata msafiri, wanamvuta kwa nguvu, mzigo wa mgongoni unakaribia kumnyonga. Tunacheka. Kisha tunafungua picha ya kituo kinachofuata, Akasaka. Ni ndani ya nyumba ya wageni. Upande mmoja wasafiri wanapumzika na chakula kinaletwa. Upande wa pili wanawake wanajipaka poda mbele ya vioo, wanajiandaa kwa kazi ya usiku.

Waliitwa meshimori onna, wanawake wa kupakua wali. Jina la kuzugia tu. Wengi walikuwa wasichana waliotolewa na wazazi wao kwa mkataba, baba akapewa fedha mbele, binti akafanya kazi kwa miaka mingi kulilipa deni. Serikali ilijua. Mwaka 1718 ikaamuru kila nyumba isizidi wanawake wawili. Amri ilivunjwa kila siku, maana vituo vingine bila hao visingejilipa, na kituo kisichojilipa hakiwezi kulisha farasi wa serikali. Umeiona hesabu hiyo? Farasi wa shogun alikula nyasi zilizonunuliwa kwa mwili wa binti wa mkulima.

Shinjuku, ambayo leo ni msitu wa maghorofa ndani ya Tokyo, ilianza kama kituo mwaka 1698. Ilifungwa 1718 kwa sababu biashara hiyo ilivuka mipaka. Ikafunguliwa tena 1772, safari hii na ruhusa rasmi ya wanawake 150. Katika hekalu la Jokakuji la huko kuna jiwe la kumbukumbu lililowekwa mwaka 1860 na wenye nyumba za wageni kwa ajili ya wanawake hao waliofia kazini. Jiwe linawaita kodomo, watoto. Ndivyo wenye nyumba walivyowaita.

Wasafiri wengine walichoka. Mwaka 1804 wafanyabiashara wa Osaka waliunda chama cha nyumba za kuaminika, Naniwa ko. Nyumba ya mwanachama ilitundika kibao mlangoni, na masharti yalikuwa wazi: hapana kamari, hapana wanawake wa biashara, hapana kelele za ulevi. Msafiri wa pekee, na hata mwanamke, akapata pa kulala bila kubughudhiwa. Ndiyo kusema sifa ya utulivu ambayo ryokan inaringia haikutoka mbinguni. Ilidaiwa na wateja, ikaandikwa, ikasimamiwa.

Sisi wa pwani hii habari hizi zinatugusa kuliko tunavyodhani. Baada ya Japani kufungua milango yake, wasichana wa kimaskini, hasa kutoka Amakusa na Shimabara huko Kyushu, walipelekwa ng'ambo kwa mtindo ule ule wa deni la baba. Waliitwa karayuki-san. Singapore iliwajua, Bombay iliwajua, na mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wengine walifikishwa mpaka Unguja. Bahari ya Hindi ililibeba deni la baba kama ilivyobeba karafuu.

Basho na ukuta

Mshairi Matsuo Basho alifunga safari mwaka 1689, yeye na mwanafunzi wake Sora, kuelekea kaskazini. Kitabu alichokiandika, Oku no Hosomichi, kilitoka mwaka 1702, yeye akiwa ameshafariki. Ndani yake kuna usiku mmoja katika kituo cha Ichiburi. Basho amelala. Chumba cha pili anasikia sauti za wanawake wawili na mzee mmoja. Anasikiliza mpaka anatambua kwamba ni makahaba wa Niigata wanaokwenda kuhiji Ise, na wanaulilia mwenendo wa maisha yao. Asubuhi wanamwomba awaruhusu wamfuate kwa mbali, kwani njia inatisha. Anawahurumia, lakini anakataa. Anaondoka, na huruma inamsumbua njiani.

Sasa sikia kisa. Sora naye aliandika shajara ya safari hiyo, na ilipochapishwa mwaka 1943 watu walikimbilia usiku wa Ichiburi. Wale wanawake hawamo! Wataalamu wengi wanaamini Basho aliwatunga.

Wapo wanaosema kadanganya. Mimi naona alikuwa anaijua barabara yake. Alijua huwezi kuandika safari ya Japani bila mtu huyo wa chumba cha pili, hata kama usiku ule chumba kilikuwa kitupu. Na hakujifanya malaika. Angeweza kujitungia mwisho mtamu, mtawa mwema anawasindikiza mpaka Ise. Hakufanya hivyo. Aliandika kwamba alisikia, akahurumia, akaenda zake. Kwa sisi tunaojifunza kuandika, somo hilo linazidi warsha nyingi.

Treni na wazimu wa mwenye honjin

Mwaka 1868 utawala wa Tokugawa ukaanguka. Mwaka 1870 hadhi ya honjin ikafutwa, na 1872 mfumo wa vituo ukafuata njia hiyo hiyo. Mwaka huo wa 1872 treni ya kwanza ikafanya kazi kati ya Shimbashi na Yokohama, na kufikia 1889 reli ikafika Kobe. Safari ya wiki mbili ikawa ya siku moja. Nani tena alale Odawara?

Mwaka huo huo wa 1872, katika kituo cha Magome kwenye Nakasendo, ndani ya honjin, alizaliwa mtoto ambaye baadaye alijulikana kama Shimazaki Toson. Baba yake, Masaki, alikuwa mwenye honjin wa mwisho. Msomi yule aliyapokea mageuzi kwa shangwe, akiamini siku za wakulima zimefika. Mageuzi yakamla. Honjin ikapoteza kazi, mali ikayeyuka, na mwishowe akili ikamruka. Alifungiwa mpaka alipofariki mwaka 1886. Mwanawe aliiandika habari hiyo katika riwaya kubwa, Yoakemae, yaani Kabla ya Mapambazuko, iliyotoka kwa sehemu katika jarida kati ya 1929 na 1935. Wanahistoria wanaandika mapinduzi ya Meiji kwa kuanzia ikulu. Toson aliyaandika kwa kuanzia nyumba ya wageni, na mpaka leo anayetaka kujua mageuzi yale yalivyoonja ulimini mwa watu wa kawaida anamfungua yeye.

Treni ilifanya na jambo jingine. Ilivunja ule mpango wa kabaila huku, kabwela kule. Karani wa benki mwenye likizo ya siku mbili sasa angeweza kupanda treni mpaka kwenye chemchemi, akavaa yukata, akaletewa chakula chumbani kama bwana mkubwa. Ryokan kama tunavyoijua leo ilipata sura yake hapo: mapokezi ya honjin, bili ya hatago, tiketi ya treni.

Lakini mpaka haukufutika. Msome Kawabata Yasunari, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1968. Katika hadithi yake Mcheza Ngoma wa Izu, ya mwaka 1926, mwanafunzi anatembea rasi ya Izu pamoja na kundi la wasanii wa njiani. Yeye analala nyumba nzuri, wao wanalala nyumba ya bei ya chini. Anawatupia fedha kutoka dirisha la ghorofani. Na kwenye vijiji wanavyopita kuna vibao vinavyowakataza ombaomba na wasanii wazururaji kuingia. Kawabata aliandika hayo akiwa yeye mwenyewe mgeni wa kudumu katika ryokan moja ya Yugashima. Waandishi wa Japani walizipenda sana nyumba hizi, na wachapishaji wakapata akili. Mwandishi akichelewesha mswada, anafungiwa ryokan, analipiwa kila kitu, hatoki mpaka amalize. Mtindo huo waliuita kanzume, kutiwa mkebeni, kama samaki wa kopo. Vijana wenzangu, tukipata mchapishaji wa kututia mkebe kama huo, nani atalia?

Mlango na sheria

Mwaka 1948 Japani ilitunga sheria ya nyumba za wageni, na ndani yake kuna kipengele kinachomkataza mwenye nyumba kumkataa mgeni isipokuwa kwa sababu zilizotajwa. Sheria nzuri. Lakini mwaka 2003 hoteli moja ya chemchemi katika mkoa wa Kumamoto iliwakataa wazee waliowahi kuugua ukoma, watu waliokwisha kupona zamani na ambao wengi wao walikuwa wamefungiwa kambini karibu maisha yao yote. Walitaka kuoga maji moto na kulala usiku mmoja. Mkoa uliichukulia hoteli hatua. Hata hivyo, wazee hao walipokataa msamaha waliouona si wa dhati, walimiminiwa barua za matusi kutoka kwa raia wasiowajua. Kibao cha Izu hakikuwa kimeng'olewa vichwani.

Nyumba zenyewe zimepungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na ryokan zaidi ya 80,000; kufikia mwaka 2018, sheria ilipoacha kuzitenganisha na hoteli, zilikuwa zimeshuka chini ya 40,000. Warithi wameenda mijini, wageni wanataka kitanda na mlango wenye kitasa. Vituo vichache vimeokolewa na wakazi wake. Tsumago, jirani ya Magome, ilianza kukarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1971 wakazi waliapa mambo matatu: hatuuzi, hatukodishi, hatubomoi. Ukitembea pale jioni, waya za umeme zimefichwa na taa ni hafifu, unaweza kuapa kuwa ni mwaka 1800.

Pazuri kweli, nami namshauri kila mwenye uwezo afike. Alale kwenye tatami, aoge, ale, afurahi. Ila asiondoke bila kuuliza nani alibeba masanduku, nani alipakua wali, nani alirudishwa mlangoni. Daftari la Kusatsu limeandika Asano, limeandika Kira, siku tisa kwa siku tisa. Jiwe la Shinjuku limeandika watoto, basi. Hao ndio waliobaki bila mwandishi.